Wanyama wa volkano: wanakaa wapi hasa, na wanafuata nini huko

Swali: "Nimeona video ya papa wakiogelea ndani ya kasoko ya volkano chini ya bahari. Jamaa mmoja akaniongezea kwamba kuna minyoo wanaoishi kwenye maji yanayochemka, na konokono mwenye mguu wa chuma. Haya ni ya kweli au ni ya mitandaoni tu? Na kama ni kweli, wanakaaje huko bila kuungua, na wanafuata nini?"

Jibu: Yote matatu yana ukweli, na yote matatu yametiwa chumvi.

Tuanze na mpaka wenyewe, maana asiyeujua ataona kila habari ya mnyama wa volkano ni muujiza. Lava ya kawaida hutoka ardhini ikiwa na joto la kati ya nyuzi 700 na 1,200 za Selsiasi. Humo hamna uhai wa aina yoyote. Kiumbe anayeshika rekodi ya kustahimili joto ni kijidudu cha seli moja kilichopatikana kwenye chemchemi moto ya chini ya Bahari Hindi. Mwaka 2008 wanasayansi wa Japani walionyesha kwamba kinaweza kuzaliana kwenye nyuzi 122 kikiwekwa chini ya shinikizo kubwa la maji. Mnyama, yaani kiumbe mwenye misuli, neva na damu, hafiki hata karibu na hapo. Hakuna mnyama anayejulikana kuanza na kumaliza maisha yake katika joto linalozidi sana nyuzi 50. Zaidi ya hapo protini zake hukunjuka na kupoteza umbo, utando wa seli huanza kuvuja, na mitokondria, ambazo ndizo zinazompa nishati, hushindwa kazi mapema kuliko vyote.

Kwa hiyo ukiuliza wanauvumiliaje moto, jibu ni kwamba hawauvumilii. Wanakaa pembeni yake, na mara nyingine pembeni hapo ni upana wa kiganja tu. Swali lako la mwisho, wanafuata nini, ndilo lenye utamu, na majibu yake ni tofauti kabisa kutoka mnyama hadi mnyama.

Papa nitawamaliza haraka. Video unayoisema bila shaka ni ya Kavachi, volkano iliyo chini ya maji katika Visiwa vya Solomon. Mwaka 2015 timu ya mtafiti Brennan Phillips ilishusha kamera yenye chambo ndani ya kasoko yake, ikanasa papa nyundo na papa wa aina nyingine wakipita kwenye maji yenye moto, tindikali na ukungu wa madini. Ni picha za kusisimua na ni za kweli. Lakini volkano ilikuwa imetulia siku hizo, na kamera yenye chambo inaonyesha nani amekuja kula, haionyeshi nani ana makazi pale. Papa ni mpita njia. Nitakaowaeleza kuanzia hapa wengi wao ni wenyeji, na ukiwatoa pale wanakufa, au hawana pengine pa kuzaa.

Mwaka 1977 chombo cha kuzamia kiitwacho Alvin kilishuka mita 2,500 hivi karibu na visiwa vya Galápagos, mahali ambapo mabamba mawili ya ganda la dunia yanaachana. Waliokuwa kwenye msafara ule walikuwa wanajiolojia na wanakemia. Walitafuta maji moto, wakayapata, na pembeni yake wakakuta vichaka vya minyoo warefu weupe wenye vichwa vyekundu, kome wakubwa, kombe na kaa. Hakukuwa na mwanabiolojia hata mmoja melini, na dawa ya kuhifadhia sampuli ilikuwa kidogo sana, hivi kwamba baadhi ya wanyama wale walirudi bara ndani ya pombe kali ya vodka. Naipenda habari hiyo kwa sababu inaonyesha ni kwa kiasi gani hakuna aliyetarajia kukuta kitu.

Mnyoo yule ni Riftia pachyptila. Hufika urefu wa mita mbili au zaidi, anaishi ndani ya mrija mgumu anaoujenga mwenyewe, na hana mdomo wala utumbo. Soma tena sentensi hiyo. Mnyama wa mita mbili asiyekula. Wapo waliodhani anafyonza chakula kupitia ngozi, lakini hesabu haikutosha. Mwaka 1981 Colleen Cavanaugh, aliyekuwa bado mwanafunzi wa Harvard, akaeleza kinachofanyika: sehemu kubwa ya mwili wa mnyoo huyu imejaa bakteria, mabilioni kwa mabilioni, na ndio wanaomlisha. Bakteria hao huunguza haidrojeni salfaidi, gesi ile yenye harufu ya yai viza inayotoka kwenye miamba ya volkano, na nishati wanayoipata huitumia kutengeneza sukari kutokana na kaboni iliyomo majini. Mimea hufanya kazi hiyo kwa mwanga wa jua, hawa wanaifanya gizani kwa kemikali.

Hapo kuna mtego, na namna mnyoo alivyouepuka inastahili kutazamwa kwa karibu. Haidrojeni salfaidi ni sumu kali, hukaba kimeng'enya kilekile ambacho seli hukitumia kutumia oksijeni, sawa na sianidi inavyofanya. Bakteria wanaitaka salfaidi na oksijeni kwa pamoja, lakini vitu hivyo viwili vikikutana hovyo huathiriana na kupotea. Himoglobini ya Riftia ni molekuli kubwa kuliko yetu, na ina sehemu mbili tofauti: moja hushika oksijeni, nyingine hushika salfaidi kwa nguvu na kuizuia isiguse chochote njiani mpaka ifike kwa bakteria. Wekundu wa kichwa chake ni damu hiyo, inayoonekana kupitia ngozi nyembamba. Na halijoto aliyomo? Maji yanayomzunguka kichwani huwa ya vuguvugu tu, mara nyingi chini ya nyuzi 30. Mnyoo maarufu kuliko wote wa volkano hata haishi penye moto.

Buu wake huzaliwa bila bakteria hata mmoja. Huogelea, hutua, kisha bakteria wanaofaa humwingia kwa kupenya ngozi. Wakishajijenga ndani, njia ya chakula aliyokuwa nayo utotoni hunywea na kutoweka.

Anayeishi karibu na moto kweli ni yule aliyetajwa na jamaa yako, mnyoo wa Pompeii, Alvinella pompejana. Huyu yuko Pasifiki ya mashariki, kwenye kuta za dohani za mawe zinazotoa maji meusi ya nyuzi 350 hivi. Maji hayo hayachemki kwa sababu shinikizo la kina kile ni zaidi ya mara 200 ya lile la juu. Yanapotoka na kukutana na maji ya bahari ya nyuzi 2, madini yaliyomo huganda papo hapo, na huo ndio "moshi" unaouona pichani. Mnyoo mwenyewe ana urefu wa kidole, hujenga mrija wake juu ya ukuta wa dohani, mkia ukiwa ndani upande wa joto na kichwa kikichungulia nje. Mgongoni amefunikwa na nyuzinyuzi za bakteria zinazofanana na manyoya ya kijivu.

Mwaka 1998 watafiti walichomeka kipimajoto ndani ya mrija huo wakasoma nyuzi 80 hivi chini na takriban 22 mlangoni. Kuanzia hapo kila makala ikaandika kwamba ndiye mnyama anayestahimili joto kuliko wote duniani, na habari hiyo inazunguka hadi leo. Mimi naipunguza. Kipimajoto kilipima mrija, hakikupima nyama ya mnyoo. Mnyoo hutikisa mwili wake na kupitisha maji baridi ndani ya mrija, kwa hiyo anachokihisi yeye si lazima kiwe kilichosomwa na chombo. Mwaka 2013 Wafaransa walifanikiwa kuwaleta juu wakiwa hai ndani ya chombo kinachohifadhi shinikizo la kina, wakawapasha moto kidogo kidogo. Walipofikishwa kati ya nyuzi 50 na 55 walikufa. Ndugu yake mmoja, Paralvinella sulfincola, aliwekwa mwaka 2006 kwenye tangi lenye upande baridi na upande moto akaachwa achague mwenyewe. Alikwenda kukaa penye nyuzi 40 hadi 50. Hizo ni nyuzi nyingi mno kwa mnyama, wengi wetu tungekufa, na zinatosha kumpa heshima yake bila kumwongezea maji yanayochemka.

Anafuata nini pale? Chakula, na upweke. Ukuta wa dohani una bakteria tele, na ni wachache wanaothubutu kusogea kuja kumnyang'anya.

Konokono wako naye yupo. Anaitwa Chrysomallon squamiferum, aligunduliwa mwaka 2001 kwenye chemchemi moto za Kairei katikati ya Bahari Hindi, kwenye kina cha mita 2,400 hivi. Mguu wake umefunikwa na mamia ya magamba yaliyopangana kama vigae vya paa, na magamba hayo pamoja na tabaka la nje la gamba lake la mgongoni yana salfaidi za chuma. Hakuna mnyama mwingine aliye hai anayejulikana kuwa na vazi la madini hayo. Wengi huandika kwamba ni deraya aliyoitengeneza kujikinga na joto la volkano. Sivyo. Katika eneo la pili alikopatikana, Solitaire, maji yana chuma kidogo sana, na konokono wa huko ni weupe, magamba yao hayana chuma, na wanaishi vizuri tu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba konokono hutoa salfa kupitia vijinjia vidogo ndani ya magamba, na salfa hiyo ikikutana na chuma kilichomo majini hugeuka madini palepale. Kwa maneno mengine, kuna uwezekano mkubwa kwamba vazi lile lilianza kama njia ya kutupa taka yenye sumu. Mimi kinachonishangaza zaidi kwake ni moyo, unaochukua karibu asilimia 4 ya mwili mzima. Ana bakteria ndani ya tezi kubwa ya kooni, na moyo huo mkubwa upo ili kuwasukumia damu yenye oksijeni katika maji yasiyo na oksijeni ya kutosha. Konokono huyu kwa hakika ni shamba la bakteria lenye pampu.

Wapo wengine wa kina kile ambao siwezi kuwaacha kabisa. Kamba wa Atlantiki, Rimicaris exoculata, hujazana ukutani kwa maelfu katika kila mita ya mraba. Hana macho ya kawaida, ila mgongoni ana kiungo chenye kemikali ileile inayonasa mwanga katika macho yetu, na mwaka 1989 Cindy Van Dover na wenzake walipendekeza kwamba anakitumia kuona mwanga hafifu mno unaotolewa na maji moto yenyewe, asije akaingia ndani yake. Na karibu na Antaktika kuna kaa mweupe mwenye manyoya, Kiwa tyleri, aliyepewa jina rasmi mwaka 2015, anayebanana na wenzake mamia kwa mita ya mraba kwa sababu nje ya ukanda mwembamba wa maji moto bahari ni baridi kiasi cha kumlegeza. Akisogea mbele anaungua, akirudi nyuma anaganda. Manyoya yake ndiyo bustani: hufuga bakteria humo, kisha huwachana na kuwala.

Kuna pia samaki bapa, wa aina inayolalia ubavu, ambaye kamera zilimkuta juu ya volkano ya Daikoku katika Pasifiki ya magharibi akiwa amejilaza kando ya dimbwi la salfa iliyoyeyuka. Salfa huyeyuka kwenye nyuzi 115 hivi. Ukoko wa juu umepoa, ndio maana haungui.

Joto linaweza kuwa na faida ndogo zaidi ya hizo, na hapa ndipo wanapoingia pweza. Mwaka 2018, mbali na pwani ya California, kwenye mabega ya volkano iliyozimika iitwayo Davidson, kina cha mita 3,200, walionekana pweza maelfu wamejikunyata wakiatamia. Maji ya kawaida pale ni nyuzi 1.6. Kwenye nyufa walizozichagua hufika nyuzi 5, penginepo 10. Wewe ungeyaita maji ya barafu. Lakini mayai ya pweza kwenye baridi ya nyuzi 1.6 yangekadiriwa kuchukua miaka mitano au zaidi kuanguliwa, na kwenye nyufa zile huanguliwa chini ya miaka miwili. Mama pweza hali chochote akiatamia, na hufa mayai yakianguliwa. Kwa hiyo nyuzi chache tu ndizo zinazoamua kama atadumu mpaka watoto watoke, na kama mayai yataponea kuliwa. Taa aina ya Bathyraja spinosissima, samaki wa familia ya papa, naye alikutwa ameweka mayai yake karibu na chemchemi moto za Galápagos, bila shaka kwa sababu hiyohiyo.

Nchi kavu mchezo huo ni wa zamani sana. Huko Argentina yamepatikana mabaki ya mayai ya dinosau wakubwa yaliyotagwa katikati ya chemchemi moto za kale. Leo anayeucheza vizuri ni ndege maleo wa kisiwa cha Sulawesi, Indonesia. Hutaga yai kubwa mara tano hivi ya la kuku, hulifukia kwenye mchanga uliopashwa joto na jua au na volkano, hulifunika, kisha huondoka moja kwa moja. Halirudii. Baada ya miezi miwili au mitatu kifaranga huangua chini ya ardhi, hujichimbia njia hadi juu, na akishakauka huruka. Hajawahi kumwona mzazi wake na hatamhitaji. Binamu yake wa kisiwa cha Niuafo'ou, Tonga, hufukia mayai katika majivu ya moto ya volkano na kwa asili haishi popote pengine.

Nao iguana wa nchi kavu wa kisiwa cha Fernandina, Galápagos, hufanya jambo ambalo ukiliona kwenye filamu unataka kuwashauri waache. Majike hupanda kutoka nyanda za chini hadi ukingo wa kasoko ya La Cumbre, karibu mita 1,500, safari ya siku kadhaa. Baadhi hawakomei hapo, huteremka ndani ya kasoko kwenye miteremko ya mawe yanayoporomoka kila mara, wapate majivu laini yenye vuguvugu ya kufukia mayai. Wapo wanaouawa na mawe njiani. La Cumbre ni volkano hai, imelipuka mara kadhaa karne hii. Ila udongo laini wenye joto lisilobadilika, katika kisiwa kilichojaa lava ngumu, haupatikani kirahisi.

Aina nyingine ya makazi ya volkano haina moto unaoonekana kabisa: maji ambayo volkano imeyaharibu. Bonde la Ufa la Afrika Mashariki lina maziwa ya magadi yanayolishwa na chemchemi moto na miamba ya volkano. Ziwa Magadi la Kenya lina maji yenye pH (kipimo cha tindikali na magadi) ya 10 hivi, yanayobabua ngozi. Humo, kwenye vidimbwi vya pembezoni penye chemchemi, anaishi perege mdogo, Alcolapia grahami, katika maji yanayopita nyuzi 40.

Joto ni sehemu ndogo ya tabu zake. Samaki wa kawaida hutupa taka ya nitrojeni kama amonia, inayotoka yenyewe kwa kupenya kwenye matamvua kwenda majini. Kwenye pH 10 mlango huo umefungwa: amonia haitoki, hujikusanya mwilini na kuua ubongo. Ukimtia samaki mwingine humo hatakaa muda mrefu. Perege huyu hugeuza taka yake yote kuwa urea, kama tufanyavyo sisi wanadamu, na huitoa bila shida. Kutengeneza urea kunakula nishati nyingi, ndiyo maana kasi yake ya kuunguza chakula ni miongoni mwa za juu kabisa zilizowahi kupimwa kwa samaki. Halafu kuna usiku. Mchana mwani hujaza oksijeni majini, usiku huimaliza, na perege hupanda juu akameza hewa kwa mdomo. Mwani huohuo ndio chakula chake. Hana samaki wa kushindana naye kwa sababu samaki wengine wameshindwa kuingia.

Kusini kidogo, Tanzania, liko Ziwa Natron, chini ya Ol Doinyo Lengai, volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya kabonati yenye sodiamu kwa wingi. Lava hiyo ni ya baridi kwa kiwango cha lava, chini ya nyuzi 600, hutoka nyeusi na ikishakutana na unyevu wa hewa hugeuka nyeupe. Natron ndipo heroe wadogo, ambao wengi huwaita flamingo, huzaa kuliko mahali pengine popote. Hujenga viota vya tope katikati ya uwanda wa magadi, ambako fisi na mbweha hawawezi kukanyaga. Mwanadamu naye vilevile. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa ndege Leslie Brown alijaribu kuvifikia viota kwa miguu, magadi yakamwingia kwenye viatu, akaungua miguu vibaya hadi kulazwa hospitali. Ngozi ngumu ya miguu ya heroe haidhuriki, na chumvi wanayoimeza huitoa kwa tezi za kichwani. Uovu wa ziwa ndio ukuta wa maternity yao.

Kinyume cha magadi ni tindikali. Ziwa Usori, kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, Japani, lina pH ya 3.5 hivi kwa sababu ya gesi za volkano ya Osore. Samaki mmoja tu ndiye aliyelizoea, Pseudaspius hakonensis, ambaye seli za matamvua yake hufanya kazi ya ziada kutoa tindikali nje. (Kima wa Japani wanaooga maji moto siwahesabu. Wanaburudika, na wakitaka wanaondoka.)

Na kuna kaa wa Taiwan, kando ya kisiwa cha Kueishan, ambako chemchemi za tindikali na salfa hutoka karibu na uso wa bahari. Muda mwingi Xenograpsus testudinatus hujificha nyufani. Mkondo wa maji unapotulia, moshi wa chemchemi hupanda wima na kuua viumbe vidogo vinavyoelea juu yake, maiti zao zikaanza kushuka polepole. Hapo kaa hutoka wote kwa mkupuo, wakala, na mkondo ukianza kuvuta tena wanarudi ndani. Kwa kaa huyu volkano ni mwindaji anayemfanyia kazi.

Uliuliza wanafuata nini. Wapo wanaofuata utupu wenyewe. Huko Hawaii kuna nyenje asiyeruka, Caconemobius fori, anayehamia kwenye lava mpya miezi michache tu baada ya kupoa, kabla ya mmea wowote. Mchana hukaa ndani ya nyufa, usiku hutoka kula mabaki ya majani na wadudu yaliyoletwa na upepo. Mimea ikianza kuota, yeye hutoweka. Juu ya kilele cha Mauna Kea, mita 4,200, mdudu wekiu huishi kwa namna hiyohiyo kati ya mawe ya volkano: jamaa zake hula mbegu, yeye hufyonza wadudu waliokufa kwa baridi baada ya kupeperushwa kutoka bondeni, na damu yake ina dawa ya kuzuia kuganda. Hata Krakatau, iliyolipuka Agosti 1883 na kufutilia mbali kila kilichokuwa na uhai juu ya kisiwa, ilipokaguliwa Mei 1884 kiumbe pekee kilichoonekana kilikuwa buibui mdogo mmoja, akitandaza utando. Buibui wachanga husafiri kwa uzi hewani, kwa hiyo kufika si ajabu.

Lava ikishapoa kwa muda mrefu huacha mapango marefu kama mirija. Katika kisiwa cha Kauai mapango hayo yana buibui Adelocosa anops, wa familia inayojulikana kwa macho makubwa ya kuwindia. Yeye hana hata jicho moja. Huwinda kwa kugusa gizani, na hutaga mayai 15 hadi 30 tu, wakati jamaa zake wa juu hutaga mamia, kwa sababu pangoni chakula ni haba na mtoto lazima azaliwe mkubwa.

Unaweza kuuliza: volkano ikizima au ikilipuka, wenyeji wa chini ya bahari wanafanyaje? Wanakufa wote. Mwaka 1991 lava ilifunika jamii nzima ya wanyama kwenye mgongo wa Pasifiki ya mashariki, yaani safu ya milima ya chini ya bahari, na wanasayansi wakapata bahati ya kuangalia kilichofuata. Bakteria walitangulia, halafu minyoo wadogo, na Riftia walipotua walikua zaidi ya sentimita 80 kwa mwaka, kasi ambayo karibu hakuna mnyama wa majini asiye na uti wa mgongo anayeifikia. Mabuu yao huweza kuishi siku 38 hivi bila kula, wakibebwa na mikondo, na wengi hawavuki kilomita 100. Wakikosa chemchemi nyingine ndani ya umbali huo, basi. Mwaka 2023 watafiti walipindua vipande vya lava kwenye sakafu ya bahari eneo hilo wakakuta minyoo na konokono wakiishi kwenye mapango madogo yenye maji vuguvugu chini yake, kwa hiyo inaelekea baadhi ya mabuu hupita chini kwa chini.

Hofu kubwa zaidi ya konokono wako wa chuma, hata hivyo, haitoki kwenye volkano. Mwaka 2019 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ilimweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na akawa mnyama wa kwanza kuingia humo kwa sababu ya tishio la uchimbaji madini ya kina kirefu. Dohani anazokaa zina shaba, zinki na dhahabu. Wakati wa tathmini ile alijulikana katika maeneo matatu tu, yenye jumla ya takriban kilomita za mraba 0.02, na mawili kati ya hayo, Kairei na Longqi, yalikuwa tayari chini ya leseni za utafutaji madini. La tatu, Solitaire, ambako konokono wake ni weupe, liko ndani ya bahari ya Mauritius.